Seli Moja Inapokuwa Mbili

Maneno ya dada yetu wa maabara katika kikao cha Jumamosi mchana, Wandegeya, Kampala. Kamati ya gazeti ilimwomba ayaandike.



Wapendwa, siku ile mwenyekiti alinipa dakika ishirini, nikachukua arobaini, na alinikonyeza mara mbili nikajifanya sioni. Sasa wameniomba niyaweke kwenye karatasi, ili na wale ambao basi lao lilikwama mpakani wayapate. Kwa hiyo wewe unayesoma, uwe Goma, uwe Kisumu, uwe Bukoba au Kigali, jihesabu umekaa na sisi pale kwenye kiti cha plastiki, feni inapiga kelele, na nje barabarani kuna kijana anakaanga mayai ya rolex, harufu inatuingilia dirishani. Kiswahili changu kilizaliwa Mwanza kikakaa Kampala miaka mingi. Ndugu wa pwani mtanichukulia.

Neno mlilochagua kwa sherehe hii ni kuongezeka. Watumishi wamelihubiri asubuhi, mimi siwezi kuwafikia. Mimi si mhubiri, mimi ni mtu wa hadubini. Nilipopewa nafasi nilimwambia mwenyekiti, baba, juu ya kuongezeka mimi najua jambo moja tu, nalo ni namna seli moja inavyokuwa mbili. Akasema, basi lete hilo hilo.

Sasa, sisi vikundi vyetu vya nyumbani tunaviita seli. Ndugu wazee watakumbuka kwamba kikundi kikijaa sebule, hakikatwi tu katikati kama mkate. Kwanza anaandaliwa kiongozi wa pili. Daftari la majina linanakiliwa. Watu wanakaa wanajua nani anakwenda upande gani. Ndipo siku moja kinakuwa vikundi viwili, na kila kimoja kina kila kitu. Mahali ambapo watu waligawanyika bila kunakili kitu, tunajua kilichofuata: walibaki kugombania viti na spika. (Hapo watu walicheka, na mimi nilijua ni kwa nini, lakini tusifike huko.)

Mwili wako unafanya jambo hilo tangu kabla hujazaliwa. Ulianza ukiwa seli moja, ndogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii. Ndani yake kulikuwa na kromosomu 46, yaani vifurushi 46 vya maandishi, 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Maandishi hayo tunayaita vinasaba. Ukivitoa vinasaba vya seli moja ukavinyoosha kama uzi, vinafika karibu mita 2, na vina herufi zipatazo bilioni 6. Vyote vimekunjwa vikaingia kwenye kitu usichoweza kukiona kwa macho. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na jambo hili bado linaninyamazisha.

Kabla seli haijagawanyika, inanakili maandishi yote. Si sura mbili tatu, yote. Kuna protini zinazopita nyuma ya mwandishi zikikagua kila herufi, ikikosewa inafutwa na kuandikwa tena. Kwa seli nyingi za binadamu zinazokua, mzunguko mzima unachukua kama siku moja, na sehemu kubwa ya siku hiyo ni maandalizi. Kugawanyika kwenyewe ni kama saa moja tu. Katika saa hiyo kromosomu zinajikunja zikawa nene, nazo sasa kila moja ina pacha wake aliyeshikamana naye. Kisha kutoka pande mbili za seli zinatoka nyuzi, nyembamba sana, zinashika kila pacha, mmoja huku na mmoja kule, na kuzipanga kromosomu mstari katikati ya seli. Zinavuta. Mmewahi kuona vijana wakivuta kamba siku ya michezo? Ni vile, isipokuwa hapa hakuna anayeshinda. Pande zote mbili zinapata 46 kamili. Halafu seli inabanwa kiunoni, na zimekuwa mbili. Vitabu vya shule vinaita mitosisi. Zishikeni nyuzi hizo akilini, tutazirudia.

Iko na namna nyingine ya kugawanyika, ile ya mbegu za baba na mayai ya mama, ambayo inapunguza 46 ikawa 23, ili mkikutana hesabu irudi 46. Sitakaa hapo, vijana mtasoma. Nitasema tu kwamba wale mnaopanga ndoa, pimeni selimundu kabla ya kushona nguo, kwa sababu mtu anaweza kubeba nusu ya ugonjwa ule maisha yake yote asijue, na akakutana na mwenzake aliyebeba nusu ya pili.

Turudi. Wewe umekaa hapo unasoma, na katika kila sekunde moja mwili wako unatengeneza seli nyekundu za damu zaidi ya milioni 2. Ngozi ya ndani ya utumbo wako inabadilishwa ndani ya siku chache tu. Nywele zako zinasukumwa na seli zinazogawanyika bila kupumzika pale kwenye shina. Lakini seli nyingi za ubongo zimeshaacha kugawanyika, zinakaa na wewe mpaka uzee. Kila seli ina wakati wake wa kuongezeka na wakati wake wa kutulia, na nyingine zina wakati wa kufa. Mtoto tumboni, mkono wake huanza kama kijiko, hauna vidole. Seli zilizo katikati ya vidole zinajiondoa zenyewe, zinakufa kwa amri, ndipo vidole vinaachana. Una vidole kumi kwa sababu kuna seli zilizokubali kuondoka.

Sasa mfikirie hapa Wandegeya. Jina lenyewe linatokana na ndegeya, wale minana wanaofuma viota, waliokuwa wamejaa kwenye miti ya hapa zamani. Leo ndege wengi wametuachia bodaboda. Hapo chini kwenye makutano kuna taa za barabarani. Upande mmoja unapanda Makerere, upande mwingine unapanda Mulago, na barabara ya Bombo inapita katikati. Taa zikifanya kazi, tunapita. Taa zikizimika saa kumi na moja jioni, mnajua wenyewe. Seli nayo ina taa zake. Kabla ya kunakili kuna taa, baada ya kunakili kuna taa, na pale kromosomu zinapojipanga kabla nyuzi hazijavuta kuna taa nyingine. Maandishi yakiwa yameharibika, taa inakuwa nyekundu mpaka yatengenezwe. Yasipotengenezeka, seli inaamriwa kufa. Protini moja inayosimamia hilo inaitwa p53, na wanasayansi wengine wanaita mlinzi wa maandishi.

Kansa, ndugu zangu, ni seli yako mwenyewe ambayo taa zake zimekwama kwenye kijani. Si mdudu aliyetoka nje. Si kitu kilichotupwa na jirani usiku. Ni seli iliyokuwa inatumika vizuri, ikakosea maandishi, haikusimamishwa, ikaongezeka. Neno ni lile lile la sherehe yetu, kuongezeka. Ndiyo sababu nilimwambia mwenyekiti kwamba somo langu lina upande wa pili.

Na upande huo wa pili ulisomwa hapa hapa, dakika chache kwa mguu kutoka kwenye ukumbi wetu. Mwaka 1957, pale kilimani Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji mwenzake aje aone mtoto wa miaka kama 5 aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mpasuaji huyo aliitwa Denis Burkitt. Alizaliwa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1911. Utotoni alipoteza jicho moja, kwa hiyo kazi yake yote ya upasuaji aliifanya kwa jicho lililobaki. Alikuwa mtu aliyempenda Yesu na hakulificha jambo hilo. Alikuja Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira kabla ya kuhamia Kampala. Kwa mtoto yule hakujua la kufanya. Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akatazama nje dirishani, akaona mtoto mwingine amekaa na mama yake, uso ule ule. Akatoka akampima, akakuta na tumbo lina uvimbe.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya imetokea mara mbili. Yeye alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani, akaona watoto wengine wengi wa namna hiyo, taya kwa huyu, tumbo kwa yule, na akaelewa kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika. Kisha akaanza kutuma barua zenye picha kwenye hospitali za Afrika akiuliza, mmewaona watoto hawa? Na mwaka 1961 akanunua gari kuukuu aina ya Ford, akaondoka na marafiki zake wawili madaktari, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva kule Arua na Cliff Nelson. Walizunguka wiki 10, karibu maili 10,000, Tanganyika, Nyasaland, Msumbiji, mpaka Afrika Kusini, hospitali hadi hospitali, wakiuliza swali moja. Ninyi mnaovuka mipaka kuja kwenye ushirika huu mnajua safari ya namna hiyo ni nini, na hao hawakuwa na lami tuliyo nayo.

Walichoona ni kwamba ugonjwa ule unafuata ramani. Mahali pa joto na mvua, upo. Ukipanda nyanda za juu zenye baridi, kama Kigezi au milima ya Rwanda, unakuwa haba sana. Ramani hiyo mnaijua hata bila kuonyeshwa. Ni ramani ya mbu.

Mwezi Machi mwaka 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa amesimama kwenye hospitali moja ya London akaeleza habari za watoto hawa, na mtu mmoja aliyekaa anasikiliza, Anthony Epstein, akawaza kwamba huenda kuna virusi ndani yake. Wakaanza kutumiwa vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Miaka miwili hawakuona kitu. Desemba 1963 kifurushi kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester badala ya London. Kilipofika, maji yaliyokuwemo yalikuwa yamechafuka, yana utando kama wa maziwa. Mtu wa maabara yeyote, na mimi nikiwemo, akiona hivyo anasema bakteria wameingia, mwaga. Epstein hakumwaga. Aliweka tone chini ya hadubini akakuta ni seli za uvimbe wenyewe, zimeachia kutoka kwenye kipande, zinaelea zikiwa hai. Wakazilea kwenye chupa, nazo zikaongezeka. Mwaka 1964, yeye na Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani yake virusi ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Leo vinaitwa kwa majina ya wawili wao, Epstein na Barr.

Naona wengine mnaanza kujishika mashavu. Ngoja kwanza. Virusi hivyo zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani tunavyo, mimi ninavyo, na mwenyekiti anavyo. Vinakaa kimya. Mtoto kupata ugonjwa huu kunahitaji mambo kugongana. Tunazo seli nyeupe ziitwazo seli B, kazi yao ni kutengeneza silaha za mwili. Hizi ni seli za ajabu kidogo, zina ruhusa ya kukata na kuunga maandishi yao wenyewe ili zitengeneze silaha mpya kwa kila adui. Mtoto wetu anaumwa malaria leo, mwezi ujao tena, na tena. Kila mara seli B zinaitwa vitani, zinagawanyika haraka, zinakata, zinaunga. Virusi vile navyo vinakaa humo humo ndani ya seli B na kuzisaidia zisife pale zilipotakiwa kufa. Siku moja seli moja inaunga vibaya. Kipande cha kromosomu namba 8 kinashonwa kwenye kromosomu namba 14. Kwenye kile kipande kuna jeni inayoitwa MYC, ambayo kazi yake ni kama kanyagio la mafuta. Na pale iliposhonwa, kwenye namba 14, ndipo penye jeni za silaha, ambazo katika seli B hazizimwi. Kwa hiyo kanyagio limefungwa chini kwa kamba. Seli moja tu. Mama hakufanya kosa lolote, na mtoto hakufanya kosa lolote.

Basi nifike kwenye habari ambayo sikuipanga kuisema, nikaisema.

Miaka iliyopita ilikuja familia moja kutoka ng'ambo ya mpaka kwenye kongamano letu. Siwezi kuwataja. Walikuwa na kijana wa miaka 6. Shavu la kushoto limejaa, jino limelegea, na huko walikotoka lilikuwa limeshang'olewa moja wakidhani ni meno. Usiku wa mkesha aliletwa mbele, tukamzunguka, tukaomba. Mimi nilikuwa karibu, mkono wangu ulikuwa kwenye bega lake, na taa ilikuwa juu yetu. Nikaona jicho lake la upande ule limeanza kusukumwa nje, kidogo tu. Moyo ukaniambia, wewe unalijua hili. Lakini kiongozi wa maombi alikuwa ameshatangaza kwamba mtoto amepona, watu wanaimba, baba yake analia kwa furaha. Nikanyamaza.

Nilinyamaza siku tisa. Nilijiambia, nani kakutuma? Utasemwa kuwa dada wa maabara hana imani. Nilijiambia mpaka juzi hakikuwa kikubwa sana.

Wapendwa, ninaijua hesabu ya ugonjwa huu. Limfoma ya Burkitt ni katika kansa za binadamu zinazokua kwa kasi kuliko zote. Inaweza kujirudufu ndani ya siku tatu au chini ya hapo. Chukua siku tatu. Baada ya siku tatu ni mara mbili. Siku sita, mara nne. Siku tisa, mara nane. Na macho yanadanganya, kwa sababu kitu kikiongezeka mara nane kwa ujazo, kwa upana kimeongezeka mara mbili tu. Kilichokuwa kama limau dogo kimekuwa kama chungwa, na watu wanasema mbona tofauti si kubwa. Siku 21 ni mara 128. Mkesha wa wiki tatu.

Siku ya kumi baba yake alinijia mwenyewe baada ya ibada, akaniuliza, "Dada, wewe unafanya kazi hospitali. Hiki ni nini?" Nikamwambia kaka, twende. Tulipanda kilima kwa miguu, mtoto mgongoni.

Walichukua kipande. Chini ya hadubini ugonjwa ule una sura yake, na madaktari wanaiita anga yenye nyota. Seli za kansa zinaonekana nyeusi nyeusi, zimebanana kama usiku, na hapa na pale kuna seli nyeupe kubwa zinazong'aa. Mwenzangu aliponiita nitazame nilitazama muda mrefu. Nyota zile ni seli za usafi. Zinakula maiti za seli nyingine. Maana pale seli zinazaliwa kwa kasi na zinakufa kwa kasi, na wazoaji hawatoshi.

Pale Mulago ndipo ilipo Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu hasa watoto wa ugonjwa huu, daktari John Ziegler akiwa mkuu wake wa kwanza, kisha Mganda, daktari Charles Olweny, akaishika. Burkitt mwenyewe kabla hajaondoka alikuwa ameshajaribu dawa, akaona jambo lililomshangaza: kuna watoto waliopata dozi chache tu na uvimbe ukayeyuka. Ugonjwa unaokimbia sana ndio huo huo unaokamatika, kwa sababu dawa nyingi za kansa zinamkamata anayegawanyika. Mnakumbuka zile nyuzi zinazovuta kromosomu? Kuna dawa inaitwa vinkristini. Inatoka kwenye ua dogo la rangi ya waridi, asili yake Madagaska, ambalo wengine mmelipanda mbele ya nyumba bila kujua. Dawa hiyo inazuia nyuzi zisijengeke. Seli imeshanakili kila kitu, taa inasubiri, na kamba hazipo. Inakwama hapo, inakufa.

Sasa mama wa yule kijana aliona nywele zinadondoka akaja kwangu usiku anatetemeka, akasema wanamuua. Nilikaa naye kwenye ngazi. Nikamwambia, mama, dawa haijui kansa, inajua mwendo. Mwenye mwendo wa haraka ndiye anayepigwa. Shina la nywele lina mwendo, kwa hiyo nywele zinaanguka. Ngozi ya kinywa ina mwendo, kwa hiyo atapata vidonda mdomoni, mpe vitu laini. Uboho wa mifupa una mwendo, kwa hiyo damu itapungua, atahitaji kuongezewa. Hizo ni seli nzuri, zitarudi. Akauliza na yale maji ya dripu chupa kwa chupa usiku kucha, ni ya nini, mtoto amekojoa mpaka amechoka. Nikamwambia ni kwa sababu seli za kansa zinakufa nyingi kwa mara moja, zinapasuka na kumwaga yaliyomo ndani ya damu, na figo zinaweza kuziba. Maji yanazisaidia figo kuosha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa nini hakuna aliyeniambia hivi?"

Ndugu zetu wa ushirika walichangia damu. Wakenya wawili, Mkongo mmoja, na kijana wa Kasese aliyeogopa sindano mpaka tukamshika mkono. Jambo hilo mlifanya ninyi, na siwezi kusimama kwenye sherehe hii bila kulitaja.

Kijana yule yupo. Ana kovu kwenye taya, na anacheza mpira vibaya sana. Kitanda cha pili wodini alikuwepo msichana wa rika lake aliyekuwa ameletwa akiwa amechelewa kuliko yeye, tumbo na uti wa mgongo. Huyo hakuondoka. Mama yake na mama yake walikuwa wanapikia jiko moja. Mimi ninapohesabu siku zangu tisa, namfikiria yule msichana, ingawa sikumnyamazia yeye, kwa sababu sijui ni nani kwao aliyemnyamazia.

Kuna ndugu aliniuliza baada ya kikao, je, hii si kumwekea Mungu mipaka? Nilimjibu kama nilivyoweza. Hezekia alipougua akaomba na kulia, nabii Isaya alimletea habari njema kwamba atapona, na nabii huyo huyo akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Sioni mahali ambapo mfalme alisema kwamba kubandika tini ni kukosa imani. Na Luka alikuwa tabibu, sijasoma kwamba Paulo alimwambia aache. Sisi tuombe, na mkono ulio kwenye bega la mtoto uwe na macho juu yake.

Basi shika haya uende nayo kwenye seli yako ya nyumbani. Mtoto, hasa kati ya miaka 4 na 10, akivimba taya au shavu bila maumivu mengi, meno yakalegea wakati si wakati wake wa kung'oka, jicho likasukumwa nje, au tumbo likavimba likawa gumu, usimpeleke kwa mng'oa meno wa mtaani na usingoje mkesha uishe. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo na mwombee mkiwa njiani. Ugonjwa hauambukizi, mlaze na ndugu zake, mleni pamoja. Kama mko mbali na Kampala, hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi ianze. Na kwa malaria, chandarua. Mnaona sasa chandarua kinazuia zaidi ya homa.

Nilipomaliza, na mwenyekiti ameshasimama kabisa, mama mmoja wa Arua alikuja mbio mbele na mtoto wake mkononi, amemfunika kwa kitenge. Shavu limevimba. Ukumbi ukanyamaza. Nikamfungua mdomo yule mtoto pale pale, nikamulika kwa simu. Jino la nyuma limetoboka, fizi imetunga usaha, na yeye akapiga kelele nilipogusa, kelele nzuri kabisa ya maumivu ya jino. Mama yake akakaa chini sakafuni akaanza kucheka na kulia. Tulimwitia bodaboda, na Jumatatu alinipigia simu kusema jino limetolewa na kipande wamekitazama na hakuna kitu, na kwamba mtoto anadai rolex aliyoahidiwa.